Magari Mekundu ya Los Angeles: Ibra ya Reli Iliyokufa



Wazee wa Unguja waliotutangulia walikuwa wakihadithia gari la moshi la Bububu, reli fupi ya kiasi cha maili saba iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani, ikaanza kazi mwaka 1905. Ilipita katika njia nyembamba za mji, ikaelekea shamba, na katika miaka ya 1920 kazi yake ikaisha. Wengi wetu tukisikia habari kama hiyo husema: "Hayo ndiyo mambo ya nchi maskini, kitu huletwa, kikatumiwa, kikachakaa, kikatupwa." Kauli hiyo si ya haki, na leo napenda nikuoneshe kwa nini.

Zama zile zile, Wamarekani hao hao walikuwa wakijenga nyumbani kwao reli kubwa kupita kiasi, tena ya umeme, katika nchi tajiri kuliko zote. Nayo ikafa. Reli hiyo ni Pacific Electric ya mji wa Los Angeles, na khasa njia yake ya kwenda Long Beach, ambayo ilikuwa ya kwanza kubwa kufunguliwa na ya mwisho kufungwa. Ndani ya kisa chake mna maswali matatu yanayotuhusu sote: Nani aliijenga, na kwa nia gani? Nani aliiua? Na nani aliyelipa gharama ya kifo chake? Tuyatazame moja moja, bila ya haraka.

Reli iliyojengwa ili kuuza viwanja

Katika mwisho wa karne ya 19 Wamarekani walianza kuendesha magari ya reli kwa umeme ndani ya miji, badala ya kukokotwa na farasi. Punde wakaona kuwa magari hayo yanaweza kutoka nje ya mji, yakapita mashambani, yakafika mji wa pili. Hapo ndipo zilipozaliwa reli za umeme za kuunganisha mji na mji. Kufika mwaka 1916 nchi ya Marekani ilikuwa na zaidi ya maili 15,000 za reli za namna hii. Lakini haikupita miaka 30 ila nyingi katika hizo zilikuwa zimekwisha kung'olewa.

Kule Los Angeles mambo haya yalishikwa na tajiri mmoja aitwaye Henry E. Huntington, aliyezaliwa mwaka 1850. Ami yake, Collis Huntington, alikuwa mmoja wa wakubwa wa kampuni ya reli ya Southern Pacific, naye alipofariki mwaka 1900 alimwachia Henry mali nyingi. Mwaka 1901 Henry Huntington akaanzisha kampuni ya Pacific Electric, na tarehe 4 Julai 1902 njia ya kwenda Long Beach ikafunguliwa, kiasi cha maili 20 kutoka katikati ya Los Angeles hadi pwani.

Sasa, msomaji, shika jambo hili vizuri, kwani ndilo ufunguo wa kisa chote. Huntington hakutegemea nauli ndiyo imtajirishe. Alikuwa na kampuni nyingine ya kununua na kuuza ardhi, na nyingine tena ya kuzalisha umeme. Ilikuwa hivi: ananunua ardhi kavu kwa bei ndogo; anapeleka reli; ardhi inapanda bei; anaikata viwanja na kuviuza; na walionunua viwanja wanakuwa abiria wa reli yake na wateja wa umeme wake. Mwaka 1905 alipoinunua sehemu kubwa ya Redondo, mji mdogo wa pwani, watu walimiminika kununua viwanja kwa siku chache tu kana kwamba vinagawiwa bure.

Tazama matokeo yake katika hesabu za watu. Mwaka 1900 Long Beach ilikuwa na watu 2,252. Mwaka 1910 walikuwa 17,809. Mwaka 1920 walikuwa 55,593. Na Los Angeles yenyewe, iliyokuwa na watu 102,479 mwaka 1900, ilipata 576,673 mwaka 1920. Reli ndiyo iliyoufanya mji ule utawanyike kama ulivyo leo, mitaa mbali na mitaa. Wengi husema motokaa ndiyo iliyoutawanya mji wa Los Angeles. La, motokaa ilikuta mji umekwisha kutawanywa na reli.

Mwaka 1911 Huntington aliitoa Pacific Electric kwa Southern Pacific katika muungano mkubwa wa reli, yeye akabaki na magari ya manjano ya ndani ya mji. Baada ya muungano huo Pacific Electric ilikuwa na zaidi ya maili 1,000 za reli. Magari yake yalipakwa rangi nyekundu, ndiyo maana watu wakayaita Magari Mekundu.

Namna yalivyokwenda

Huenda ukauliza: magari haya yalikwendaje? Juu ya njia ulitandazwa waya wa shaba wenye umeme wa volti 600. Katika paa la gari palikuwa na mfito mrefu wenye springi, ncha yake ikiugusa waya ule. Umeme ukishuka kwa mfito, ukaingia katika mota zilizofungwa chini ya sakafu karibu na magurudumu, kisha ukarejea kwenye mtambo kwa kupitia reli zenyewe. Kwa hiyo waya na reli vilikuwa kama mishipa miwili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Ukikatika mmoja, gari husimama. Kadhalika, magari kadhaa yaliweza kuunganishwa na yote yakaongozwa na dereva mmoja wa mbele, kila gari likisukuma kwa mota zake.

Umeme wenyewe ulitoka mbali. Kuanzia mwaka 1913 sehemu yake kubwa ilitoka kwenye maporomoko ya Big Creek katika milima ya Sierra Nevada, ukasafirishwa kwa nyaya maili zaidi ya 200 hadi Los Angeles. Maji ya theluji mlimani yakawa yanampeleka karani kazini na mvuvi baharini.

Njia ya Long Beach ilikuwa na ubora mmoja mkubwa. Kutoka Los Angeles hadi mahali paitwapo Watts palilazwa reli nne sambamba: mbili za magari yasimamayo kila kituo, na mbili za yale ya haraka. Tena sehemu kubwa ya njia ile ilikuwa katika ardhi ya reli yenyewe, si katikati ya barabara. Huko gari lilipiga mbio. Dhiki ilikuwa mjini, ambako magari ya reli yalilazimika kupita barabarani pamoja na mikokoteni, waendao kwa miguu, na baadaye motokaa.

Mikono iliyotandika reli

Tunapozitaja reli huwataja matajiri wenye kampuni, tukawasahau waliobeba mataruma. Reli za Pacific Electric zilitandikwa kwa sehemu kubwa na vibarua wa Kimeksiko. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1903 vibarua hao, kiasi cha 700, waliunda chama chao na kuomba ujira wao upandishwe kutoka senti 17 na nusu kwa saa hadi senti 20. Senti mbili na nusu tu! Wasimamizi wa kazi walikubali, lakini Huntington mwenyewe akaitangua ahadi ile. Vibarua wakagoma. Walitarajia kuwa madereva na makondakta wa magari watawaunga mkono. Wachache mno ndio waliotoka. Wakaletwa watu wengine kufanya kazi, na mgomo ukavunjika.

Nalitaja jambo hili kwa kuwa ni sehemu ya hesabu. Reli iliyokuwa ikipandisha bei ya ardhi kwa maelfu ya dola haikuona nafasi ya senti mbili na nusu kwa aliyeinama juani akipigilia misumari. Mwenye kupima kwa mizani mbili, siku moja mizani hizo hizo hutumiwa kumpimia yeye.

Ugonjwa ulioingia mapema

Biashara ya viwanja ina mwisho wake, kwani ardhi haizai ardhi. Siku viwanja vilipokwisha kuuzwa, faida ya ardhi ikakauka, na reli ikabaki na nauli peke yake. Na nauli haikutosha. Kampuni ilipata faida katika miaka michache tu ya maisha yake. Kupandisha nauli ilikuwa lazima kuomba idhini kwa tume ya serikali ya jimbo, na abiria walipinga kila mara, maana walikuwa wakiichukia kampuni ya Southern Pacific kwa nguvu zake na siasa zake. Basi reli, mataruma na magari vikawa vinazeeka bila ya kurekebishwa ipasavyo.

Wakati huo huo motokaa ikaingia. Watu wa Los Angeles waliipenda upesi kuliko watu wa miji mingine, kwa kuwa mji wao umetawanyika na hali yake ya hewa ni nzuri. Motokaa zikajaa katika barabara zile zile za mjini ambamo magari ya reli yalikuwa yakipita. Mwezi wa Aprili 1920 baraza la mji lilipiga marufuku kuegesha motokaa katikati ya mji nyakati za kazi, ili magari ya reli yapate njia. Wenye maduka wakalalamika kuwa wateja wamekimbia, madereva wakaandamana, na haikupita mwezi ila amri ile ikalegezwa.

Mwaka 1925 wahandisi waliowekwa na wakuu wa mji na wilaya walitoa mpango wa kujenga njia za chini ya ardhi na za juu ya madaraja, ili treni zisigombane na motokaa. Gharama yake ilikuwa kubwa, na mpango haukutekelezwa. Kampuni yenyewe ilijenga handaki moja la kiasi cha maili moja kwa upande wa Hollywood, likafunguliwa mwaka huo huo wa 1925. Mwaka 1926 wananchi walipiga kura kuchagua baina ya stesheni kuu moja ya reli zote na mpango wa makampuni wa reli za juu kwa juu, wakachagua stesheni. Ilifunguliwa mwaka 1939, nayo ni nzuri mno. Lakini treni za mjini zilibaki pale pale, zikinaswa katika msongamano.

Kisha serikali ikaanza kujenga barabara pana za motokaa zisizo na njia panda. Ya kwanza, ya kwenda Pasadena, ilifunguliwa mwisho wa mwaka 1940. Fikiri, msomaji: mwenye reli hununua ardhi yake, hutengeneza njia yake, na hulipa kodi juu yake, mwenye basi na mwenye motokaa hupita juu ya barabara iliyojengwa kwa fedha za umma. Mashindano ya namna hii hayana haja ya mtabiri.

Vita vikuu vya pili viliipa reli pumzi ya mwisho. Petroli na matairi yaligawiwa kwa kipimo, viwanda na bandari vilijaa kazi, na mwaka 1945 Pacific Electric ilibeba zaidi ya abiria milioni 100. Vita vilipokwisha, watu wakarudi kwenye motokaa zao. Njia ya Pasadena ikafungwa mwaka 1951. Mwaka 1953 kampuni ikauza kazi yote ya abiria kwa kampuni ya mabasi iitwayo Metropolitan Coach Lines. Mwaka 1955 handaki la Hollywood likafungwa. Mwaka 1958 mamlaka ya umma ikachukua yaliyobaki, na yaliyobaki yalikuwa machache. Njia ya Long Beach ikasimama peke yake, kama mzee aliyewazika watoto wake, mpaka tarehe 9 Aprili 1961, siku yalipofanya safari yake ya mwisho Gari Jekundu.

Hadithi ya muuaji mmoja

Hapa tunafika penye fitina. Ukimwuliza mtu wa Los Angeles, "Magari Mekundu yalikufaje?" wengi watakujibu kuwa kampuni ya General Motors, pamoja na wauza mafuta na wauza matairi, waliyanunua na kuyaua kwa makusudi ili wauze mabasi. Hadithi hii ilipata nguvu mwaka 1974, kwa taarifa iliyotolewa mbele ya Baraza la Seneti la Marekani, na mwaka 1988 ikaenea ulimwenguni kwa filamu mashuhuri ya kuchekesha, "Who Framed Roger Rabbit".

Je, ni kweli? Mwenye insafu hutenganisha nyuzi kabla ya kuamua. Ni kweli kuwa palikuwa na kampuni iitwayo National City Lines, iliyopewa mitaji na General Motors na wenzake, ikanunua reli za miji mingi na kuweka mabasi. Ni kweli kuwa mwaka 1949 mahakama huko Chicago iliwatia hatiani General Motors na wenzake kwa kula njama ya kuhodhi uuzaji wa mabasi, mafuta na matairi kwa makampuni yale. Faini ya General Motors ilikuwa dola 5,000, na mtunza hazina wake akatozwa dola moja. Kiasi ambacho mtu mwenye haya hawezi kukiita adhabu. Lakini katika shitaka la kutaka kuihodhi biashara yenyewe ya usafiri wa mijini, hawakupatikana na hatia.

Tena, mali iliyonunuliwa na National City Lines kule Los Angeles, mwaka 1945, ilikuwa yale magari ya manjano ya ndani ya mji. Pacific Electric haikuwa yao. Magari Mekundu yalikuwa mali ya Southern Pacific, nayo yenyewe ilikuwa imekwisha kuanza kuondoa treni na kuweka mabasi tangu kabla ya vita. Kwa haki tuongeze kuwa bwana aliyeinunua kazi ya abiria mwaka 1953, Jesse Haugh, alikuwa zamani katika kampuni iliyokuwa ndugu na National City Lines. Hata hivyo, alipokuja yeye, mgonjwa alikuwa kitandani miaka mingi, na njia nyingi zilikwisha kufungwa.

Kwa nini basi hadithi ya muuaji mmoja inapendwa? Kwa sababu inatupumzisha. Ikiwa muuaji ni mmoja, sisi wengine wote hatuna lawama. Wala aliyejenga reli kwa tamaa ya viwanja, wala aliyekataa kuipa reli njia yake, wala aliyepinga gharama ya kuiendeleza, wala aliyenunua motokaa na kumwacha jirani yake kituoni, hakuna atakayeulizwa. Nawe, msomaji, chunguza: mara ngapi katika mitaa yetu hufa shule, au kisima, au chama cha ushirika, kisha tukatafuta mtu mmoja wa kumtupia lawama, hali ya kuwa kila mmoja wetu alichangia kifo kile kwa senti zake alizozizuia na kwa kimya chake?

Nani aliyelipa?

Waliokuwa na motokaa hawakuona msiba mkubwa. Msiba uliwafikia wengine. Tulikitaja kituo cha Watts, pale reli nne zilipokuwa zikikoma na njia kugawanyika. Mji mdogo ule ulikua kwa ajili ya reli, na mwaka 1926 ukaingizwa ndani ya Los Angeles. Vibarua wa Kimeksiko waliojenga njia walikaa huko, na Waamerika weusi wakahamia kwa wingi, kwa kuwa Watts ilikuwa moja katika sehemu chache walizoruhusiwa kuishi. Katika mitaa mingi ya Los Angeles hati za viwanja zilikuwa na sharti la kukataza kuuziwa mtu mweusi, mpaka mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kuwa masharti kama hayo hayawezi kutiliwa nguvu na mahakama.

Kando ya reli hiyo aliishi fundi mmoja mhamiaji kutoka Italia, Simon Rodia. Kuanzia mwaka 1921 hadi 1954 alijenga kwa mikono yake minara ya chuma na saruji, akiipamba kwa vipande vya vyungu na chupa zilizovunjika, na inasimuliwa kuwa alizitumia reli za jirani kupindia vyuma vyake. Minara ile ingali imesimama, na abiria wa Magari Mekundu waliiona ikipanda mwaka baada ya mwaka.

Treni ilipoondoka mwaka 1961, watu wa Watts walibaki na mabasi machache, ya polepole, na safari za kubadilisha basi mara mbili au tatu. Wengi hawakuwa na motokaa, na kazi zilikuwa mbali. Mwezi wa Agosti 1965 pakazuka ghasia kubwa Watts, zikaua watu 34. Chanzo cha karibu kilikuwa polisi kumkamata kijana mmoja dereva. Vyanzo vya mbali vilikuwa vingi: ubaguzi, ukosefu wa kazi, shule duni, nyumba mbovu. Tume iliyowekwa na gavana wa jimbo, ikiongozwa na John McCone, ilitoa taarifa yake Desemba 1965, na katika mambo iliyoyataja ni kuwa usafiri wa umma ulikuwa haba na ghali, ukiwafungia watu wa mitaa ile mlango wa kazi.

Sisemi kuwa kuondoka kwa treni ndiko kulikoleta ghasia. Kusema hivyo ni kurudia kosa la hadithi ya muuaji mmoja. Nasema tu kwamba njia ikifungwa, mwenye nguvu hupata njia nyingine, na mnyonge hubaki alipo.

Kilichobaki na kilichorudi

Henry Huntington alifariki mwaka 1927. Licha ya reli, alikuwa mpenzi wa vitabu, akakusanya maandiko ya kale yenye thamani isiyokadirika. Mwaka 1919 aliandika hati ya kuiweka nyumba yake ya San Marino, bustani zake na maktaba yake chini ya wadhamini, kwa manufaa ya watu, na akaitengea mali ya kuiendesha. Sisi tungesema aliiweka wakfu. Mwaka 1928 milango ikafunguliwa, na hata leo wanazuoni wa dunia nzima huenda kusoma humo.

Linganisha, msomaji, mambo haya mawili ya mtu mmoja. Reli ilikuwa na haja kwa maelfu ya watu kila siku kuliko vitabu vile. Lakini reli iliachwa itegemee faida ya viwanja, na maktaba ikapewa hati, wadhamini na riziki yake. Reli ikafa, maktaba ikaishi. Kitu cha umma hakidumu kwa kupendwa tu. Hudumu kikiwa na mwenye kukisimamia na fungu lake la kudumu.

Watu wa Los Angeles walilifahamu jambo hili baada ya miaka mingi ya moshi na msongamano. Mwezi wa Novemba 1980 walipiga kura wakakubali kutozwa kodi ya nusu senti katika kila dola ya manunuzi kwa ajili ya usafiri wa umma. Ikawa bahati kuwa njia ya zamani ya Long Beach haikuuzwa yote viwanja, kwani treni za mizigo za Southern Pacific ziliendelea kuitumia. Juu ya ardhi ile ile, tarehe 14 Julai 1990, ikafunguliwa treni mpya ya umeme kutoka Los Angeles hadi Long Beach, maili 22, kwa gharama ya dola milioni 877. Inapita Watts, na minara ya Rodia inaonekana. Mwezi wa Juni 2023 njia hiyo iliunganishwa kwa handaki na nyingine, hata mtu akaweza kutoka Long Beach hadi Azusa bila ya kushuka.

Hebu piga hesabu: kiasi cha miaka 29 bila ya treni, kisha mamia ya mamilioni ya dola, ili kurudisha kilichokuwako. Kutunza ni gharama, lakini kuzika na kufufua ni gharama zaidi.

Mambo haya si ya mbali nasi tena. Mwezi wa Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Tumefurahi, na tuna haki ya kufurahi. Lakini siku ya kufungua reli si siku ya kuipima. Los Angeles nayo ilishangilia tarehe 4 Julai 1902. Reli hupimwa mwaka wa 20 na wa 30, siku rangi imefifia, siku waya unataka kubadilishwa na hakuna mpiga ngoma: nani ameitengea fungu lake? Kibarua wake analipwa haki yake? Mtu wa kituo kidogo, asiye na motokaa, bado anahesabiwa? Na mimi na wewe tunalipa nauli, au twapita pembeni? Mtu asiibe nati ya reli akauza chuma chakavu, kisha jioni akalaumu serikali kuwa treni imechelewa.

Basi ukisikia reli imekufa, popote pale, usiulize kwanza nani aliyeiua. Uliza nani alikuwa na wajibu wa kuitunza, na ujihesabu wewe mwenyewe katika jibu.